Benchi Linavyomtengeneza Kocha: Safari ya Doug Pederson

Ndugu makocha, walimu wa michezo, wazazi, na nyinyi vijana mnaofunga vitambaa kiunoni kila wikiendi kucheza futiboli, asanteni kwa kunikaribisha.

Mada niliyopewa ni maisha ya kazi ya kwotabeki wa kulipwa wa futiboli ya Kimarekani aliyekuja kuwa kocha. Marekani wapo wengi wa namna hiyo. Nimemchagua Doug Pederson, na sababu naitaja mapema: rekodi yake ya uchezaji ni ndogo, rekodi yake ya ukocha ina kombe la Super Bowl, fainali ya ligi kuu ya Marekani, na ninaamini ya pili ilizaliwa ndani ya ile ya kwanza. Benchi alilokalia kwa zaidi ya miaka 10 lilikuwa na kazi zake, kazi za kuonekana na za kufundishika. Makocha wetu wengi humwacha mchezaji wa akiba akae tu akitazama. Hilo linaniuma, kwa sababu tunapoteza makocha wa kesho.

Kwa wageni wa futiboli ya Kimarekani, niseme kwa ufupi. Timu inapewa majaribio 4 ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu, inapewa mengine 4. Kila jaribio lina mbinu iliyopangwa kabla, na kwotabeki ndiye anayeupokea mpira kutoka kwa senta, kisha anaukabidhi kwa mkimbiaji, anaurusha kwa mpokeaji, au anakimbia nao mwenyewe. Ukifika eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6. Jaribio la 4 ndilo linalokosesha makocha usingizi: ukishindwa, mpinzani anauchukua mpira palepale ulipoishia.

Pederson alizaliwa Bellingham, jimbo la Washington, mwaka 1968, akachezea chuo kikuu cha Northeast Louisiana. Drafti ya mwaka 1991, ambamo timu za NFL, ligi kuu ya Marekani, huchagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni, ilimaliza raundi zake zote 12 bila jina lake kuitwa. Miami Dolphins walimchukua kama mchezaji huru, wakamwacha, wakamrudisha, wakamwacha tena. Katikati ya hayo alikwenda kutafuta dakika za kucheza katika ligi ya World League: mwaka 1992 na New York/New Jersey Knights, mwaka 1995 na Rhein Fire ya Düsseldorf, Ujerumani.

Mwaka 1993 mlango ulifunguka kidogo. Dan Marino, kwotabeki mkuu wa Dolphins, alikatika kano ya kisigino mwezi Oktoba. Wa pili, Scott Mitchell, akaumia bega Novemba 14 mjini Philadelphia. Akabaki wa tatu, Pederson. Hakuna aliyemtaka afanye maajabu siku ile, alitakiwa tu asiupoteze mpira, na hakuupoteza mchezo: Dolphins walishinda 19-14. Huo ulikuwa ushindi wa 325 wa kocha Don Shula, uliompitisha George Halas kuwa kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika ligi hiyo.

Kuanzia mwishoni mwa 1995 alikuwa katika timu ya Green Bay Packers, nyuma ya kwotabeki Brett Favre. Sasa fikirini hali hiyo. Favre alitajwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1995, 1996 na 1997, na alikuwa hakosi mchezo hata akiumia. Kumsubiri Favre apumzike ilikuwa kazi bure. Pederson alipata pete ya ubingwa Januari 1997, Packers walipowafunga New England Patriots 35-21, lakini kazi yake uwanjani siku nyingi ilikuwa moja: kumshikia mpira mpiga teke.

Naomba tuitazame kazi hiyo kwa karibu, maana watu huidharau. Mshikaji hupiga goti yadi 7 hivi nyuma ya mstari. Senta anaurusha mpira kupitia katikati ya miguu yake. Mshikaji anaudaka kwa mikono miwili, anaushusha mahali alipopaweka alama kwa kidole, anausimamisha kwa kidole kimoja juu, na kwa kiganja kingine anauzungusha ili kamba za mshono zielekee golini, mbali na mguu wa mpigaji. Tangu mpira utoke kwa senta mpaka mguu uuguse ni sekunde 1.3 hivi. Kamba zikimwelekea mpigaji, mguu unagonga sehemu isiyo laini na mpira unaweza kupinda. Mshikaji akichelewa, mpigaji anakatika hatua na kuupiga chini, mlinzi anauzuia kwa kifua. Timu nyingi zilikuwa zikimpa kwotabeki wa akiba kazi hiyo kwa sababu mikono yake imezoea kudaka mpira wa senta, na wakati wa mazoezi anayo nafasi ya kukaa na mpiga teke.

Mwaka 1999 Andy Reid, aliyekuwa kocha msaidizi Green Bay, alipewa timu ya Philadelphia Eagles na akamchukua Pederson. Eagles walikuwa wamemchagua Donovan McNabb wa 2 katika drafti, na Reid alitaka kijana huyo ajifunze mfumo kwanza kwa kumtazama anayeujua. Pederson alianza michezo 9, akashinda 2, akapoteza 7, huku mashabiki wa Philadelphia wakimzomea, kisha McNabb akaingia mwezi Novemba. Mwaka uliofuata, Cleveland Browns, alianza michezo 8 na kushinda 1. Akarudi Green Bay hadi 2004, mgongo na misuli ya mbavu ilipomstaafisha. Jumlisheni: michezo 17 ya kuanza, ushindi 3, vipigo 14, tachidauni 12 za pasi dhidi ya pasi 19 zilizonaswa na wapinzani.

Hapo ndipo watu husema, basi huyu atamfundisha nani?

Nijibu kwa kueleza wiki ya kwotabeki wa akiba. Timu ikicheza Jumapili, Jumatatu ni kutazama video ya mchezo uliopita. Jumanne wachezaji wanapumzika na makocha wanaandaa mpango. Jumatano yanafanyiwa mazoezi majaribio ya 1 na ya 2, Alhamisi jaribio la 3, Ijumaa yadi 20 za mwisho kabla ya goli. Karibu mizunguko yote ya mpango wa timu hupewa kwotabeki mkuu. Wa akiba anaambiwa aigize kwotabeki wa mpinzani ili walinzi wa timu yake wajiandae. Anaonyeshwa kadi zilizochorwa, anazisoma, anacheza kama adui. Maana yake ni kwamba kila wiki anaingia ndani ya mfumo wa kocha mwingine: wanajipangaje, wanapenda kurusha wapi, wanakimbilia upande gani wakibanwa. Fanya hivyo msimu mzima na umepita kwenye vichwa vya makocha zaidi ya 10. Jioni anautazama mpango wa timu yake mwenyewe kwa macho tu, na lazima aujue sawasawa na yule aliyeufanyia mazoezi, kwa sababu anaweza kuitwa wakati wowote. Kujifunza bila kupewa mizunguko ni ujuzi. Anayeuweza huwa tayari anajua kumfundisha mwingine ambaye hana muda.

Siku ya mchezo anasimama pembeni akisikiliza maagizo yanavyotolewa. Tangu 1994 NFL imeruhusu redio ndani ya helmeti ya kwotabeki. Saa ya mchezo inahesabu sekunde 40 tangu jaribio moja limalizike. Zikibaki sekunde 15, redio inazimwa. Kwa hiyo kocha ana sekunde 25 za kuona kilichotokea, kujua zimebaki yadi ngapi, kuchagua mbinu na kuitamka. Kwotabeki anairudia kwa wenzake 10 ndani ya duara: mpangilio, nani anahama kabla ya mpira kutoka, ukuta wa wachezaji wa mbele unazuia vipi, wapokeaji wanapita njia zipi, na mpira utoke kwa hesabu gani. Kisha wanakwenda kwenye mstari, anahesabu walinzi wa nyuma kama ni mmoja au wawili, anamwonyesha senta ni mlinzi gani wa kati wa kuanzia kuhesabu. Ikiwa mbinu haifai, anageuza.

Mambo huharibika mahali tunapopajua. Kocha akisitasita hadi zibaki sekunde 18, redio inakata katikati ya sentensi. Kwotabeki anabaki na nusu ya agizo na watu 10 wanamtazama mdomoni. Anatumia muda wa mapumziko, na kila nusu ana 3 tu, au saa inaisha na timu inarudishwa yadi 5. Kocha ambaye hajawahi kusimama ndani ya duara lile huandika maagizo marefu yanayopendeza ubaoni. Aliyesimama huyapunguza.

Ndiyo maana napenda hatua iliyofuata ya Pederson kuliko zote. Mwaka 2005 alikwenda Shreveport, Louisiana, kufundisha timu ya shule, Calvary Baptist Academy, akakaa misimu 4. Mchezaji wa shule ana masomo, ana mtihani wa hesabu kesho, na mazoezi ni saa chache za mchana. Ukimpa mbinu 80 atakumbuka 20, na 20 hizo zitachanganyika. Unalazimika kuchagua chache, kuziita kwa maneno mafupi, na kuzificha kwa mipangilio tofauti ili mpinzani adhani ni nyingi. Mwaka 2009 Reid akamwita Philadelphia kwa cheo cha chini kabisa katika benchi la ufundi: kukata video, kuchora kadi, kuingiza takwimu za kila jaribio kwenye kompyuta. Mtu aliyekuwa kocha mkuu anakubali kuchora kadi! Mwaka 2011 akawa kocha wa makwotabeki, mwaka 2013 akamfuata Reid Kansas City kama mratibu wa ushambuliaji, na Januari 2016 Eagles wakampa timu nzima.

Msimu wa kwanza ulimlazimisha kubadili mpango. Eagles walimchagua Carson Wentz wa 2 katika drafti, na nia ilikuwa akae nyuma ya Sam Bradford, kama McNabb alivyokaa nyuma ya Pederson. Siku chache kabla ya ligi kuanza, kwotabeki wa Minnesota Vikings akaumia goti vibaya, Vikings wakamnunua Bradford, na Wentz akaanzishwa. Walimaliza ushindi 7, vipigo 9.

Mwaka 2017 walimaliza 13-3, lakini Desemba 10, Los Angeles, Wentz alikatika kano ya goti. Akaingia Nick Foles. Hebu tazameni nani walikuwa mezani: kocha mkuu, kwotabeki wa akiba wa zamani. Mratibu wa ushambuliaji, Frank Reich, naye kwotabeki wa akiba wa zamani, aliyeiongoza Buffalo Bills kutoka 3-35 hadi ushindi wa 41-38 dhidi ya Houston Oilers Januari 1993. Na uwanjani, kwotabeki wa akiba.

Mwanzo haukuwa mzuri. Krismasi waliwafunga Raiders 19-10 kwa taabu, na mchezo wa mwisho walipoteza 0-6 kwa Dallas. Kosa la kawaida mahali hapo ni kocha kumlazimisha mgeni avae viatu vya aliyeumia. Eagles walikwenda kinyume. Walirudi kwenye video za Foles za mwaka 2013, msimu aliorusha tachidauni 27 na kunaswa mara 2 tu, wakatafuta alichokuwa anakifanya akiwa ametulia. Wakakuta mambo mawili: kasi kati ya majaribio, na mbinu ambazo Wamarekani huziita RPO (run-pass option), yaani chaguo la mbio au pasi.

RPO inafanya kazi hivi. Ukuta wa mbele unazuia kana kwamba ni mbio. Kwotabeki anaweka mpira tumboni kwa mkimbiaji, macho yakiwa kwa mlinzi mmoja aliyechaguliwa kabla, mara nyingi mlinzi wa kati. Mlinzi huyo akisogea mbele kuziba mbio, kwotabeki anauvuta mpira na kuurusha nyuma ya mgongo wake, kwa mpokeaji anayekata kwa mshazari. Akibaki nyuma, anauachia kwa mkimbiaji. Mlinzi anakosea kwa vyovyote. Hatari yake iko kwenye ukuta: sheria ya NFL hairuhusu wachezaji wa ukuta kupita yadi 1 mbele ya mstari kabla pasi haijatoka. Kwotabeki akichelewa nusu sekunde, ukuta umeshasonga, adhabu yadi 5. Kwa hiyo mbinu hii inamtaka mtu anayeamua haraka kwa kumtazama mlinzi mmoja tu, na Foles alikuwa mtu wa namna hiyo. Walipita Atlanta 15-10, kisha wakawabomoa Vikings 38-7, Foles akikamilisha pasi 26 kati ya 33 kwa yadi 352.

Februari 4, 2018, Minneapolis, Super Bowl dhidi ya Patriots ya Tom Brady. Zimebaki sekunde 38 kipindi cha kwanza kiishe, Eagles wanaongoza 15-12, jaribio la 4, yadi 1 kufika golini. Teke la pointi 3 lilikuwa rahisi. Pederson alikataa. Hesabu yake ilieleweka: Brady alikuwa anapita kila mahali, akamaliza na yadi 505, na pointi 3 hazingemzuia. Na hata wakishindwa, Patriots wangeanzia yadi 1 ya kwao na sekunde chache. Msimu mzima Eagles walikuwa wamelithubutu jaribio la 4 mara 26 na kufaulu mara 17, kwa hiyo wachezaji hawakushtuka.

Foles alikwenda pembeni akaitaja mbinu yenyewe, "Philly Philly", na Pederson akanyamaza kidogo, akakubali. Foles akajipanga nyuma ya senta kwa umbali, akatembea kuelekea kulia kana kwamba anapeleka ujumbe, akasimama nyuma ya ukuta. Senta Jason Kelce akaurusha mpira moja kwa moja kwa mkimbiaji Corey Clement, aliyekimbia kushoto na kumpa Trey Burton anayekuja kulia. Burton, aliyewahi kucheza ukwotabeki chuoni, akamrushia Foles ambaye hakuna aliyemlinda. Zipo kanuni mbili ndani ya mbinu hii. Katika NFL, kwotabeki anayepokea mpira mkononi, akiwa amegusana na senta, haruhusiwi kudaka pasi. Aliyejipanga yadi kadhaa nyuma anaruhusiwa. Na baada ya kutembea lazima asimame kabisa sekunde nzima kabla mpira haujatoka. Angeharakisha, tachidauni ingefutwa.

Mimi, hata hivyo, naliheshimu zaidi jaribio jingine lisilo na umaarufu huo. Zimebaki dakika 5 na sekunde 39, Eagles wako nyuma 32-33, jaribio la 4, yadi 1, wakiwa kwenye yadi 45 ya upande wao. Wakishindwa, mchezo umekwisha. Pederson aliita pasi fupi kwa Zach Ertz, ikapata yadi 2. Zikiwa zimebaki dakika 2 na sekunde 21, Ertz huyohuyo alifunga. Brandon Graham akaupokonya mpira mkononi kwa Brady, na ikaisha 41-33. Ubingwa wa kwanza wa Super Bowl kwa Eagles, na Foles mchezaji bora wa siku.

Nisiwafiche upande wa pili. Kuwa kwotabeki wa zamani hakumhakikishii mtu chochote. Bart Starr, bingwa wa Super Bowl mbili za kwanza, aliifundisha Green Bay kuanzia 1975 hadi 1983 akashinda 52, akapoteza 76, sare 3. Na Pederson mwenyewe, mwaka 2020, aliona kila kitu kikimomonyoka. Wentz alinaswa pasi 15 na kuangushwa mara 50 katika michezo 12. Ukuta ulikuwa umejaa majeruhi, kwotabeki akawa anashikilia mpira muda mrefu mno, na mbinu zilizomfaa Foles hazikumponya. Timu ikamaliza na ushindi 4, vipigo 11 na sare 1. Katika mchezo wa mwisho, wakiwa nyuma 14-17, Pederson alimtoa kwotabeki Jalen Hurts akamwingiza kwotabeki wa tatu, jambo lililowakera wengi, na siku 8 baadaye akafutwa kazi. Kwangu, hapo alikosa kile alichokijua zaidi ya wote: kusoma ni lini kwotabeki ameacha kuamini anachokiona.

Alirejea Jacksonville mwaka 2022. Januari 2023, kwenye mtoano, kijana wake Trevor Lawrence alinaswa pasi 4 kipindi cha kwanza na timu ikawa nyuma 0-27. Hakumtoa. Walishinda 31-30. Lakini msimu wa 2024 uliisha 4-13, na akaondolewa. Ndiyo ligi ilivyo.

Sasa nyinyi. Mchezo wa vitambaa, wachezaji 5 kila upande, unaingia Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, na hatuna redio za helmeti wala hatuzihitaji. Kwotabeki wenu wa akiba apewe kazi tatu kuanzia mazoezi yajayo. Aigize kwotabeki wa mpinzani, kwa kadi alizochora mwenyewe baada ya kuwatazama. Asimame kando ya kocha na kusema kwa sauti mbinu atakayoichagua kabla kocha hajaitaja, kisha mwandike nani alichagua nini na ilipata yadi ngapi. Na atengeneze kadi za mkononi: mbinu 12 hadi 15, zisizidi, kila moja na namba na mchoro, zile za yadi chache upande mmoja na za yadi nyingi upande mwingine. Kocha ataita namba tu. Kadi ziandikwe kwa wino usiofutika na kufunikwa kwa plastiki, maana jasho la kipindi cha kwanza linatosha kufuta kila kitu, na kocha asiite namba ambayo hakuna anayeweza kuisoma.

Nimeleta kadi tupu za kutosha. Tugawane, tukae wawili wawili, kocha na mchezaji wake wa akiba, tuanze kuchora.